Kuni za Punta Cedrón

Magangué, 19 Oktoba 1899

Dada Dionisia,

Shikamoo. Barua hii inaletwa na Nicasia muuza jibini. Mlishe kwanza kabla hujaanza kumhoji, maana amepiga kasia siku mbili.

Habari ni hii, na naomba uisome umekaa. Vita vimeanza. Jana alasiri watu wa chama chetu, wekundu, waliingia bandarini wakachukua meli zote zilizofungwa gatini, pamoja na Santa Rita yetu. Mwenye meli aliruka ukuta wa forodha na soksi bila viatu, na tangu hapo hajaonekana. Mimi nilikuwa tumboni mwa meli nikipaka grisi. Wamenishika, dada. Walinielekezea bunduki wakasema fundi wa mitambo haondoki. Sikuwa na la kufanya.

Usingeitambua Santa Rita leo. Meli iliyokuwa ikibeba tumbaku, jibini na akina mama wa sikukuu za Mompox imezungushiwa marobota ya pamba kila upande, juu yake ngozi mbichi za ng'ombe, na chumba changu cha boila kimekingwa kwa vyuma vya reli. Ngozi zinanuka hadi nzi wanakohoa. Mbele wamefunga mzinga walioung'oa nje ya jumba la halmashauri, na hakuna anayejua kama utapiga mbele au nyuma. Nahodha wetu mpya ni Don Ovidio Cárcamo, yule mwenye duka la dawa. Usukani anauita "lile gurudumu la mbao". Lakini si mjinga, wala haogopi.

Najua ulimwapia mama kwamba baada ya baba hakuna Turizo mwingine atakayekufa kwa vita vya wakubwa. Sikuvunja kiapo chako, dada. Nimevunjiwa.

Usikasirike.

Mdogo wako,
Apolinar

*

Punta Cedrón, 27 Oktoba 1899

Poli,

Marahaba. Nimekaa, nimesoma, nimesimama.

Nicasia amekula samaki wawili na mihogo yote iliyokuwa chunguni, kisha akaniambia alichokiona kwa macho yake. Hakuna aliyekuelekezea bunduki. Ulipanda juu ya pipa pale gatini, grisi hadi viwikoni, ukasema: "Santa Rita bila mimi haitembei. Andikeni jina langu la kwanza." Wakaliandika la kwanza.

Kwa hiyo wewe ni mwongo. Sikukasirika kwa kuwa umeingia vitani. Nimekasirika kwa kuwa umenidanganya kama vile mimi ni karani wa forodha. Kiapo nilichompa mama kilikuwa cha kumtuliza mgonjwa. Baba alikufa akivuta jahazi la serikali kwa kamba, kupandisha mto, kama punda, kwa sababu alikuwa mweusi na hakuwa na karatasi ya mkubwa ya kumkinga. Ukitaka kumwaga jasho kwa ajili ya hilo, mwaga. Ila mimi niambie ukweli.

Sasa sikiliza. Tangu juzi maiti wanapita hapa. Mabaharia wanaoshuka mto wanasema meli zetu zimekutana na za serikali huko juu, na kwamba zetu zimekwisha zote. Nimesimama majini na upondo, nikiwageuza mmoja mmoja nitazame uso. Nimewageuza kumi na tisa. Hukuwamo.

Andika. Hata neno moja. Hata la uongo.

Dionisia

*

Bwawa la La Caimanera, 16 Novemba 1899

Dada,

Shikamoo. Niko hai, na hili si la uongo. Yale ya mwanzo nisamehe. Nilipanda pipa, ni kweli. Niliogopa kukuambia kuliko nilivyoogopa kupanda.

Nilivyopona ni aibu tupu. Kuni tulizopakia Magangué zilikuwa mbichi. Boila ikatoa moshi mweupe na mvuke wa kutosha kuchemsha kahawa. Meli zetu kubwa zikatupita, mabaharia wao wakitupungia kofia na kutuita konokono, zikapotelea konani. Tulipofika, mapigano yalikuwa yamekwisha. Mto ulijaa mbao na watu. Tuliopoa thelathini na mmoja wakiwa hai, tukageuza, na kwa kuwa Santa Rita inaelea hata kwenye umande, tukaingia humu bwawani, ambamo meli za vita za serikali haziwezi kufika bila kukwama.

Basi tuliobaki ndio sisi. Don Ovidio alitukusanya sitahani akasema anayetaka kwenda kwake aende mchana huu huu, hakuna atakayemwita mwoga. Wawili walishuka. Tukabaki tisa, bila kuhesabu tuliowaopoa. Akatutazama akasema, "Vizuri. Sasa sisi ndio jeshi lote la majini. Nani anapika?"

Kazi yetu si ile waliyotuvishia ngozi. Serikali imezuia chumvi na kwinini zisifike kwenye vijiji vilivyotulisha, ili watu watuchukie. Kwa hiyo tunatoka bwawani, tunakamata majahazi yao ya chumvi, tunagawa chumvi kijiji hadi kijiji, na kila kijiji kinatupa majeruhi wake tuwaweke kwa Don Ovidio. Mzinga tumeupiga mara moja tu. Uliruka nyuma ukavunja jiko. Jahazi lile likajisalimisha hata hivyo. Nahodha wake alisema kama tunajifanyia hivyo wenyewe, hataki kujua tutamfanyia nini yeye.

Kuni za uwanja wako ulizotuachia kwenye mfereji wa zamani, uliposikia kwamba meli imejificha humu, tumezikuta. Zilikuwa kavu kama biskuti. Fundi yeyote angekubusu mikono.

Wako mkweli kuanzia leo,
Poli

*

Makao ya Kamanda wa Mto, 20 Januari 1900

Kwa Bibi Dionisia Turizo,
mwenye uwanja wa kuni, Punta Cedrón.

Yah: KUNI KWA MELI ZA SERIKALI

Bibi,

Imethibitika kwamba waasi waliomo katika meli iitwayo Santa Rita wanapata kuni kutoka sehemu zako, na kwamba fundi wao ni mdogo wako wa tumbo moja. Kuanzia tarehe ya barua hii unakatazwa kutoa hata kijiti kimoja kwa mtu yeyote asiye na kibali changu.

Unaamriwa kuweka tayari marundo mia mbili kwa ajili ya meli ya vita Constancia, itakayofunga gatini kwako Alhamisi, tarehe 8 Februari, na kuyalinda mpaka zamu ya upakizi ianze baada ya chakula cha mchana.

Mimi si mtu katili. Nimeambatanisha hati ya msamaha wa Apolinar Turizo, yenye sahihi yangu. Mwandikie aje kwako siku hiyo kuchukua kuni. Akija, hati itakuwa yake na atakwenda zake akiwa mzima. Usipofanya hivyo, nitalazimika kukuhesabu wewe mwenyewe kuwa mwasi, na sheria ya vita unaijua.

Kapteni Belisario Iregui

*

Bwawa la La Caimanera, 28 Januari 1900

Dada,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Kiangazi kinatunyonyoa. Fimbo tuliyochomeka majini inaonyesha bwawa linashuka shubiri moja kila siku tatu. Wiki mbili zikipita Santa Rita itakaa kwenye matope kama mamba mfu, na wanajeshi wataijia kwa miguu. Sitahani tuna majeruhi arobaini na mmoja. Kuna waliokatwa miguu. Kuna mwanamke wa Guamal, Presentación, amepigwa risasi ya nyonga akiwa anafua nguo. Hawa hawawezi kutembea msituni.

Don Ovidio anataka tutoke, tushuke mto mkubwa na kuingia mkono wa Mompox, lile tawi jembamba la mto. Kule maji ni haba, Constancia haiwezi kutufuata, na watu wa kule watawachukua majeruhi majumbani kwao. Lakini lazima tupite mbele ya gati lako, na Constancia inakimbia mara mbili yetu. Ikituona tu, tumekwisha.

Tunahitaji saa mbili bila kufukuzwa. Wewe unaona kila kinachopita. Tuambie meli ile itakuwa wapi na lini. Hatuna mwingine wa kumwuliza.

Poli

*

Punta Cedrón, 1 Februari 1900

Poli,

Marahaba. Njooni Alhamisi ijayo, tarehe 8, adhuhuri kamili.

Constancia itakuwa imefungwa hapa gatini kwangu. Najua utashtuka. Tulia, soma hadi mwisho. Itakuwa imepanda mto kutoka Calamar, stoo yake ya kuni ikiwa tupu, na itakuwa imezima moto isubiri kupakia. Meli bila mvuke ni nyumba tu. Nyinyi piteni.

Msisimame. Msipige honi. Shikeni ukingo wa ng'ambo, nyuma ya kisiwa cha mchanga, halafu mvuke wote.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Nimeandikiana na Kapteni wao. Ametoka nyanda za baridi, mbu wanamtesa, anataka tu kuni zake aondoke. Ni mtu wa kuelewana.

Ukipita usinitafute kwa macho gatini. Tazama mitambo yako.

Dada yako

*

Punta Cedrón, 8 Februari 1900

Kwa Mheshimiwa Kapteni Belisario Iregui.

Mheshimiwa,

Umeniamuru nieleze kwa maandishi nilichokifanya, ili maelezo yasomwe mbele ya baraza la kijeshi. Askari wako wamenifunga mkono wa kushoto kwenye nguzo ya gati na kuniachia wa kulia. Nawashukuru, naandika kwa wa kulia.

Uliagiza marundo mia mbili. Yalikuwapo mia mbili na kumi, makavu, mti wa guasimo mtupu, umeyaona mwenyewe ulipofunga meli. Ukaniambia ni kuni nzuri. Nami nikakujibu kwamba ni kweli. Ulipokaa na maofisa wako kula, nilimwaga mafuta ya taa pembe nne, nikawasha. Hakuna aliyenisaidia. Wapasuaji wangu wa kuni niliwapa ruhusa tangu Jumatatu waende kwao, kwa hiyo usiwatafute.

Uliandika kwamba nisitoe hata kijiti kimoja kwa asiye na kibali. Nimetii kuliko ulivyotarajia. Sasa hakuna kijiti kwa yeyote.

Kuhusu hati ya msamaha. Sitakudanganya, Kapteni. Niliilaza chini ya mto wangu wa kulalia juma zima. Nilimlea mdogo wangu tangu akiwa na miaka minne, na karatasi ile ilikuwa na jina lake na muhuri mwekundu. Kila asubuhi niliisoma. Lakini ilikuwa na jina lake peke yake. Katika meli ile kuna watu ambao hukuwaandikia chochote. Hati yako iko ndani ya sanduku langu la nguo, kama sanduku bado lipo, maana naona moto umehamia kwenye paa la nyumba. Hilo sikulipanga. Upepo una mambo yake.

Wakati Santa Rita inapita, ulinishika bega ukasema, "Mama, umejiua." Nilikusikia. Nilikuwa nahesabu mizunguko ya gurudumu lake. Niliona pia kwamba mzinga wako hauhitaji kuni, na kwamba risasi yako ya tatu iliingia katikati, pale penye boila. Niliona mvuke. Kisha niliona meli inaendelea kwenda, ikapinda kona.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Sina la kufuta.

Dionisia Turizo

*

Punta Cedrón, 20 Machi 1900

Poli,

Nicasia ameahidi kukufikishia hii kwa njia zake. Mimi mzima. Kuni zilishika moto siku ile, Kapteni akanung'unika kidogo, yakaisha. Kuku wanataga. Nimeanza kubadilisha makuti ya paa upande wa jikoni.

Niambie risasi ile ilipiga wapi. Nieleze yote, kama ulivyoahidi.

Dada yako

*

Mkono wa Mompox, 11 Aprili 1900

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ninaandikiwa na Don Ovidio kwa kuwa nimeumia kidole kidogo cha mkono wa kulia, jambo lisilo na uzito. Risasi iligusa bomba la mvuke tukalirekebisha mara moja. Majeruhi wote arobaini na mmoja walifika. Wamegawanywa kwenye nyumba za watu, na Presentación wa Guamal ameanza kutembea kwa fimbo na kugombana na kila mtu.

Nafurahi kusikia habari za kuku.

Apolinar

*

Mkono wa Mompox, 11 Aprili 1900

Bibi Dionisia,

Nimeandika barua aliyoniamuru mdogo wako neno kwa neno, na nimeifunga. Hii nyingine naiandika kwa niaba yangu mwenyewe, naye hajui.

Risasi ilikata bomba kuu la mvuke. Chumba cha boila kilijaa mvuke katika nukta moja. Waliokuwamo walitoka mbio, na mimi nilimshika Apolinar mkono nimtoe. Aliniambia, "Nikitoka, meli inasimama hapa hapa." Akajifunga gunia la maji kichwani, akarudi ndani, akafunga vali ya bomba lile kwa mikono yake na kufungua ile ndogo ya akiba. Tuliendelea kwa nusu ya mwendo. Kama uliona mvuke kutoka gatini, ndio huo.

Ana vidole vyote. Mikono inapona. Macho hayakupona. Nimefanya yote niyajuayo kwa siku sitini, na sitakuuzia matumaini ambayo duka langu halina.

Santa Rita nayo imemaliza. Maji ya mkono huu yalituishia mwezi wa tatu, ikakaa mchangani. Tumeivunja wenyewe kabla mtu mwingine hajaivunja. Mbao zake ni vitanda vya majeruhi. Vyuma vya reli vimekuwa mapanga. Boila tumeiburuta kwa ng'ombe hadi uwanjani, na humo tunachemsha bendeji za mji mzima. Mdogo wako ndiye anayeisimamia kwa kugusa, na hakubali mtu mwingine aisogelee.

Ameniuliza mara tatu kama barua yako inanuka moshi. Nimemjibu hapana. Inanuka chokaa na unyevu, Bibi, na karatasi yake ina mstari wa bluu pembeni, wa aina wanayopewa wafungwa wa ngomeni. Nimeuza dawa gerezani Cartagena miaka kumi. Hilo sijamwambia.

Wako kwa heshima,
Ovidio Cárcamo

*

Gereza la ngomeni, Cartagena, 29 Mei 1900

Don Ovidio,

Asante. Msomee hii kwa sauti, usiruke neno.

Poli. Ndiyo, niko gerezani. Hakuna kuku. Hakuna paa. Nyumba iliungua na kuni, na baraza la kijeshi limenipa miaka mitano. Nilikudanganya, wewe ulinidanganya, na sasa tumelingana. Tusirudie.

Nimelia siku mbili kwa ajili ya macho yako. Siku ya tatu mlinzi alikuja kuniambia kwamba nikiandika kuwa nilidanganywa na wekundu, mimi mwanamke asiyejua siasa, nitapunguziwa miaka mitatu. Nilimwomba kalamu. Aliniletea mbio. Nikaitumia kuandika kwamba najua kusoma, kuandika na kupima kuni kwa jicho, na kwamba sikudanganywa na yeyote. Nimenyimwa jua la asubuhi kwa mwezi mmoja. Humu ndani kuna wanawake kumi na wawili. Nimeanza kuwafundisha herufi kwa mkaa ukutani, na wakija kupaka chokaa tunaanza upya.

Usikae ukijihurumia huko Mompox. Kama ungetoka chumba kile ningekuwa nimechoma nyumba yangu bure.

Dionisia

*

Punta Cedrón, 14 Desemba 1902

Poli,

Vita vimekwisha, wenyewe wanasema. Wakubwa wametia sahihi, wamekula, wamepiga picha. Sisi wa ngomeni walitufungulia mlango mwezi uliopita bila hata kutuambia samahani.

Nimefika kwetu. Zimebaki nguzo nne za gati na ule mti wa ceiba ulioungua upande mmoja, lakini upande mwingine una majani. Nimejenga kibanda. Wapasuaji wawili wamerudi wenyewe kabla sijawaita.

Jumatatu alikuja Kapteni Iregui. Sasa ni Meja, amekonda, ana homa ya mto isiyomwisha. Alileta fomu. Hakuna uwanja wa kuni bila leseni, na hakuna leseni kwa waliofungwa mpaka watie sahihi kwamba wanajuta. Alikaa juu ya gogo langu akapangusa jasho. Nilimpa maji. Akaniambia kwa upole, na naamini hakuwa na ubaya siku ile, "Mama, andika tu kwamba unajuta. Ni mstari mmoja."

Nikamwambia, "Najuta kwamba nilikupa muda wa kupiga risasi ya tatu."

Akakunja fomu yake akaitia mfukoni, akaniambia maji yangu ni matamu, akaondoka. Kwa hiyo sina leseni.

Jana ikapita meli ya mizigo kutoka Barranquilla, stoo tupu, nahodha akapaza sauti kuuliza kama nina kibali cha kuuza. Nilimwuliza kama boila yake inachoma kuni au vibali. Alifunga gati. Leo zimefunga mbili.

Nicasia atakuja kukuchukua Jumamosi. Panda mtumbwi wake na usimwambie Don Ovidio kwamba utakuwa mzigo kwangu, maana ameshaniandikia kwamba unasema hivyo kila siku, na mimi nimechoka kulisoma. Kazi iko tele. Unadhani kupasua kuni kunahitaji macho. Nami nilidhani hivyo. Jana alasiri nilijifunga kitambaa machoni, kibwebwe kiunoni, nikapasua rundo zima kwa kupapasa nyuzi za mti na kusikiliza shoka. Wapasuaji walikimbilia nyuma ya ceiba.

Vidole vyangu vyote kumi vipo. Lete vyako.

Dionisia